Kambi na watoto: Usitazame ziwa, uliza choo kiko wapi!

  

Wiki hii nyumba ndogo, wakwe na wapangaji wasiolipa kodi naviweka pembeni. Nataka twende kupiga kambi, tena na watoto wadogo. Usigune! Najua Mtanzania ukimtajia kambi anawaza mambo mawili tu: JKT au wakimbizi. Mtu ana nyumba yake, ana kitanda chake, halafu aende kulala chini ya turubai, tena alipie!

Kuna mzee mmoja jirani yangu hapa Babati mjini. Siku moja tumekaa barazani kwake, likapita gari la Wazungu kwenye barabara kuu ya Arusha linavuta karavani, ile nyumba ya magurudumu. Dirishani kuna watoto wawili wamebandika pua kwenye kioo, wanatupungia. Mzee akatazama mpaka likapotea, kisha akaniuliza, "Hivi mjukuu wangu, hawa kwao kumeungua?"

Nikamwambia, "Hapana babu, wako likizo." Akatikisa kichwa. "Likizo na nyumba mgongoni kama konokono!"

Tukacheka. Lakini ukweli ni kwamba siku hizi hata sisi tumeanza. Karavani kwetu ni za kuhesabu, wenye nazo ni wageni wapita njia. Sisi tuna Noah, hema la kukodi, magodoro mawili na sufuria. Tangu lami ya kutoka Dodoma kuja Babati ikamilike mwaka 2018, watu wa Dodoma wanapanda huku wakati shule zimefungwa, na wa Arusha wanateremka. Watoto wa mjini wanataka kuona kiboko, tembo na nyota. Ni jambo zuri kabisa. Shida inakuja pale unapochagua mahali pa kulala.

Na hapo ndipo ninapotubu leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilichagua vibaya, na nusura familia ya dada yangu ipate msiba.

ILIKUWA HIVI

Mwaka juzi mwezi wa sita dada yangu, ambaye ameolewa Dodoma, alinipigia simu. "Mdogo wangu, mimi na shemeji yako tunaleta watoto likizo. Hatutaki gesti, wanataka kulala kwenye hema. Wewe si uko hapo hapo Babati? Tutafutie mahali."

Watoto wenyewe watatu. Wa kwanza ana miaka tisa, wa pili sita, kitinda mimba minne. Anko nikavimba kichwa. Nikachukua bodaboda jioni ya saa kumi na moja, nikaenda mahali fulani kando ya Ziwa Babati. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Bwana wee, pazuri! Jua linazama, mitumbwi ya wavuvi inarudi, ndege weupe wametua, Mlima Kwaraa umesimama nyuma ya mji kama mzee aliyevaa kofia ya mawingu. Nikakaribishwa soda baridi. Mwenyeji akaniambia, "Kaka, familia zinakuja hapa kila wiki, wala usiwe na wasiwasi." Nikaona nyasi fupi kama zulia, nikajiambia hapa watoto watacheza mpira. Nikalipa kianzio, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Msomaji wangu, ulishajiuliza ni nani anayekata nyasi kando ya ziwa hadi ziwe fupi kama zulia? Mimi sikujiuliza.

Wageni wakaja. Jioni tukachoma mahindi, tukapika wali wa mchele wa Magugu na kuku wa kienyeji, watoto wakaimba mpaka sauti zikakauka. Shemeji akanipiga begani, "Shem, hapa umetuweza." Tukalala saa nne: dada na watoto hema moja, mimi na shemeji hema la pembeni.

Saa nane usiku nikasikia kitu kinang'oa nyasi. Kru. Kru. Kru. Kama ng'ombe, lakini mzito zaidi, na pumzi yake unaisikia kabisa. Nikamgusa shemeji, kumbe naye yu macho. Tukafungua zipu kidogo, tukawasha tochi.

Kiboko. Mkubwa kama lile Noah lililotuleta. Na hatua kama kumi na tano kutoka alipo, amesimama kitinda mimba na kandambili zake, suruali ya kulalia mkononi. Alibanwa na haja ndogo. Mama yake amechoka na safari, hakusikia. Mtoto akafungua zipu mwenyewe, akaanza kutafuta choo ambacho kilikuwa mbali, gizani, nyuma ya jiko.

Mimi nilitaka kupiga kelele, shemeji akanibana mdomo. Akatoka polepole, ameinama, hakukimbia. Akazunguka upande wa juu, ule ambao siyo wa ziwani. Akamfikia mtoto, akamkumbatia, wakarudi kinyumenyume hadi nyuma ya gari. Kiboko aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kula. Baada ya dakika kadhaa, ambazo kwangu zilikuwa mwaka mzima, akaondoka zake.

Tuliwahamishia wote ndani ya Noah, watu sita tukalala tumekaa mpaka alfajiri. Mlinzi? Tulimkuta getini kajifunika koti, anakoroma.

Asubuhi akapita mvuvi mmoja mzee. Akatazama nyayo, akatazama mavi yaliyotapakaa mpaka karibu na kamba za hema, akasema bila hata kushangaa, "Wanangu, hii ni njia yao. Wanapita hapa kila siku kwenda kula. Nyie mlilala barabarani."

Dada hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu swali moja wakati anakunja magodoro: "Mdogo wangu, wewe ulipokuja hapa ulikagua nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikagua jua.

KAGUA KWA MIGUU YA MTOTO

Tangu siku ile nimejifunza neno moja, na ndilo ninalotaka ulibebe leo. Mahali pa kambi ya familia hapakaguliwi jioni kwa macho ya mtu mzima aliyeshika soda. Panakaguliwa kwa miguu ya mtoto wa miaka minne, saa nane usiku, akiwa amebanwa na mkojo. Ukishajiuliza yeye atapita wapi, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Anza na choo. Hesabu hatua kutoka hema lako litakapokaa hadi mlango wa choo. Zikizidi thelathini, omba sehemu nyingine. Je, njiani kuna taa? Taa yenyewe inawaka usiku kucha, au jenereta linazimwa saa nne? Ingia ndani. Kama ni choo cha shimo, tazama tundu: mtu mzima analiruka, mtoto anatumbukia mguu. Je, mlango unafungukia ndani na komeo liko juu ambako mtoto hafiki? Hata pakiwa pazuri namna gani, beba ndoo ndogo yenye mfuniko, iweke ndani ya hema. Usione aibu. Ile ndoo ya shilingi chache ingetuokoa sisi.

Pili, maji makubwa. Kiboko mchana anakaa majini, usiku anatoka kula majani, na anaweza kutembea kilomita kadhaa kisha akarudi. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, na usidanganywe na ule mwili, mbio anakushinda. Jambo baya kuliko yote ni kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo unapoona ukingo wa ziwa wenye nyasi zilizonyolewa vizuri na kijinjia kilichochimbika kwenda majini, ujue hapo pana mwenyewe. Muulize mvuvi au mwenye shamba la jirani, usimuulize mwenye kambi peke yake. Mwenye kambi anauza, mvuvi hauzi kitu.

Na mchana je? Watoto wataomba kuoga ziwani. Kataa. Mbali na kiboko, ziwa la maji baridi lenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho, na dalili zake hutaziona siku hiyo. Kama kambi ina bwawa la kuogelea, tazama kama lina uzio na geti. Mtoto mdogo akizama hapigi kelele kama kwenye sinema, anapotea kimya kimya huku nyie mnabishana Simba na Yanga hatua tano pembeni.

MLIMA, KORONGO NA MKAA

Tatu, tazama ardhi. Watu wanapenda kupiga hema kwenye korongo kavu kwa sababu kuna mchanga laini na upepo haufiki. Jamani, sisi wa Manyara hatuna haja ya kufundishwa hili. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mungu awarehemu. Kama nyumba haikuhimili, turubai lako litafanya nini? Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na korongo na mbali na mti mkavu. Mvua inaweza kunyesha mlimani kule wewe huioni, maji yakakufikia huku unakula mahindi.

Kwa sababu hiyo mimi naipenda likizo ya mwezi wa sita kuliko ya Desemba. Juni mvua za masika zimeisha, barabara za vumbi zinapitika. Ila baridi ya Babati usiku usiichezee, beba mablanketi na kofia za watoto.

Hapo kwenye baridi ndipo kuna kosa jingine, tena la sisi wenyewe. Mtu anaona watoto wanatetemeka, anaingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga zipu. Usithubutu! Mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mnalala vizuri, hamuamki. Hata ndani ya gari au karavani ni vilevile. Jiko likae nje, mbali na hema, na libaki huko.

Nne, majirani. Uliza kama kambi ina baa, na kama Jumamosi kuna disko. Baa siyo dhambi, hata mimi napita mara moja moja. Lakini kambi yenye baa katikati ina walevi wanaotafuta choo usiku, na choo chenyewe ni kile kile cha mwanao. Tazama kama wageni wanaandikishwa getini, kama uzio umezunguka pande zote, na mlinzi ni wa kuzunguka au wa kukoroma. Yule wetu mimi nilimwona mchana, akanipigia saluti ya nguvu, nikaridhika. Ningerudi saa nne usiku ningemjua.

Tano, uliza kituo cha afya kilicho karibu na namna ya kufika usiku. Usiseme "nitapiga simu." Kwanza kagua kama mtandao unashika pale pale hema litakapokaa. Neti ya mbu usiache nyumbani, na maji ya kunywa ya watoto yawe ya kuchemsha au ya chupa.

UKITAKA KWENDA MBELE KIDOGO

Wapo watakaoniambia, "Achana na ziwa, sisi tunakwenda hifadhini." Sawa kabisa, na hapa Babati tumekaa pazuri. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, iko kama kilomita sitini na ushee ukielekea Arusha, unakunja kulia Kwakuchinja. Kiangazi tembo wanajazana kwenye Mto Tarangire mpaka mtoto anachoka kuhesabu. Ukienda hadi Makuyuni ukakunja kushoto unafika Mto wa Mbu, kwenye lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, ya tangu mwaka 1960, ile yenye simba wanaopanda miti. Mto wa Mbu kambi zimejaa, na ndizi zao nyekundu watoto wanazigombania.

Ila ndani ya hifadhi jua mambo haya. Kuna kambi za aina mbili. Za umma zina choo na maji, na utakuwa na majirani. Kambi maalumu ni ya kwenu peke yenu, lakini huko kila kitu unabeba mwenyewe, hata maji. Jina "maalumu" lisikupumbaze. Ukiwa na mtoto wa miaka minne, ya umma ndiyo maalumu kwako. Fahamu pia kwamba kiingilio cha hifadhi ni kimoja na ada ya kulala kambini ni nyingine, hivyo uliza zote mbili kabla hujajaza mafuta. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na sisi raia wa Afrika Mashariki tuna bei yetu, basi beba vitambulisho.

Kambi za hifadhini hazina uzio wa kuzuia wanyama. Usiku hakuna mtu kutoka ndani ya hema, na ile ndoo yetu hapo ni ya lazima. Chakula kisilale hemani, hasa matunda. Tembo na nyani wanajua harufu ya chungwa kuliko wewe. Tarangire ina ndorobo wengi, wale inzi wanaouma kama sindano, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Yale mafulana ya bluu mliyoshonesha sare familia nzima, yaacheni kabatini.

Kusema kweli, kwa watoto walio chini ya miaka sita, mimi ningelala nje ya hifadhi kwenye kambi yenye uzio, halafu asubuhi mnaingia kutembea na gari, jioni mnatoka. Mtoto atamwona tembo yule yule, na mama atalala usingizi.

SAFARI YA PILI

Sasa utaniuliza, je, dada alinisamehe? Alikaa miezi mingi simu zake fupi fupi. "Hujambo, sijambo, wasalimie." Nilijua. Mtu ukimkabidhi watoto wake watatu halafu ukakagua machweo, huna cha kujitetea.

Mwaka jana mwezi wa tano simu ikalia usiku. "Mdogo wangu, watoto wanasumbua, wanataka tena hema. Nenda ukatutafutie." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ila safari hii ukague."

Jamani, nilikagua mpaka watu wakanishangaa. Nilizunguka sehemu nne. Nilikwenda mchana, nikarudi usiku na tochi. Nilichuchumaa chooni nijue mtoto anaona nini. Nilihesabu hatua kwa sauti, mpishi mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu kaka ana matatizo." Niliwauliza wakulima wa mbaazi wa jirani ni mnyama gani anapita usiku. Mwisho nikachagua mahali pa mteremkoni, ziwa hulioni kabisa. Kuna uzio wa miti, kuna taa, choo kiko hatua kumi na nane. Mbele yake kuna rundo la mchanga wa ujenzi na banda la mbuzi. Nilipompigia dada kumweleza niliona haya. "Hakuna kitu cha kupiga picha hapa," nikamwambia.

Walikaa siku nne. Mchana tuliwapeleka kuwaona viboko kwa mbali, tukiwa juu kwenye gari, wakapiga kelele za furaha. Siku nyingine zote hawakutaka kwenda popote. Walijenga barabara kwenye ule mchanga, wakanyonyesha mwanambuzi kwa chupa, wakawa weusi kama masizi. Usiku wa pili nikasikia zipu ya hema la dada inafunguka. Nikakaa kitako na tochi mkononi. Kitinda mimba akatoka na mama yake, kandambili pa, pa, pa, hatua kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi. Nilizihesabu zote.

Basi msomaji, kwa leo naishia hapa. Kama una likizo mwezi wa sita, anza kukagua sasa. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea wageni wanaokuja kwa siku mbili wakakaa miezi miwili. Alamsiki!